Ernst Chain: Mkimbizi aliyeisafisha penisilini

Katika vituo vya afya vya makazi ya wakimbizi ya Nakivale, kusini magharibi mwa Uganda, na katika hospitali ya rufaa ya Mbarara, dawa za jamii ya penisilini hutolewa kila siku. Ni wachache wanaokumbuka kwamba mmoja wa walioitengeneza penisilini kuwa dawa alikuwa naye mkimbizi.

Ernst Boris Chain alizaliwa Berlin, Ujerumani, tarehe 19 Juni 1906, katika familia ya Kiyahudi. Hitler aliposhika madaraka mwaka 1933, mwanakemia huyo kijana alikimbilia Uingereza akiwa na pauni 10 tu. Mama yake na dada yake walibaki nyuma.

Mwaka 1938, akiwa Oxford, Chain alisoma makala ya Alexander Fleming kuhusu kuvu linaloangamiza bakteria. Fleming alikuwa ameigundua penisilini miaka 10 kabla, lakini hakufaulu kuitenga na maji ya kuvu hilo. Kazi hiyo ilifanywa na Chain pamoja na Howard Florey na Norman Heatley. Waliyachuja maji hayo, wakayapoza na kuyatia asidi, wakaihamishia dawa katika etha, wakairudisha katika maji safi, kisha wakaikausha kwa baridi ikawa unga.

Tarehe 25 Mei 1940 waliwaambukiza panya 8. Wanne waliopewa dawa walikuwa bado hai kesho yake. Wanne wasiopewa walikufa.

Mwaka uliofuata, askari polisi Albert Alexander alianza kupata nafuu, lakini dawa ikaisha. Watafiti waliichuja upya kutoka katika mkojo wake, haikutosha, naye akafariki. Tatizo halikuwa tena ugunduzi, bali namna ya kuipata dawa kwa wingi.

Leo baadhi ya viwanda husukuma maji ya matangi kupitia utando wenye matundu madogo mno, unaozuia kuvu na kuipitisha dawa. Dawa ya sindano huweza kuchujwa tena kwa utando wa mikromita 0.22, ambao bakteria hawapenyi.

Mwaka 1945 Chain, Fleming na Florey walitunukiwa Tuzo ya Nobel. Mama na dada yake hawakuishuhudia siku hiyo. Waliangamia katika mauaji ya Wayahudi.

Chain alifariki Ireland tarehe 12 Agosti 1979, akiwa na umri wa miaka 73.