Nuruddin Mahmud, Aliyemtengenezea Salahuddin Njia

Vita vya Msalaba vikitajwa, jina litujialo mdomoni sote ni Salahuddin. Mimi leo nataka kumtaja bwana wake, Nuruddin Mahmud bin Zangi, ambaye lau si yeye, Salahuddin asingalipata ngazi ya kupandia.

Nuruddin alizaliwa mwaka 1118. Babake, Imaduddin Zangi, aliwapokonya Mafaranji mji wa Edessa mwaka 1144, na miaka miwili baadaye akauawa na mtumwa wake mwenyewe. Ufalme ukagawanywa: nduguye mkubwa, Ghazi, akachukua Mosul, naye akashika Halab. Mwaka 1149 aliwashinda Mafaranji huko Inab, na Raymond, mtawala wa Antiokia, akafa vitani. Mwaka 1154 akaingia Damascus, na Sham ya Waislamu ikawa chini ya bendera moja.

Lakini mimi humpendea zaidi majengo yake. Damascus alijenga hospitali iliyotibu watu hadi karne ya 19, na chuo cha kusomesha Hadithi tu. Yeye alikuwa Hanafi, ila chuo hicho alimkabidhi Ibn Asakir, mwanachuoni wa Kishafi kama sisi. Yote aliyawekea wakfu ili yajilishe.

Halafu akawaagiza mafundi seremala wa Halab wachonge mimbari ya Msikiti wa Aqsa, ilhali Baitul Muqaddas ingali mikononi mwa Mafaranji!

Hakujaaliwa kuipeleka. Alikuwa amemtuma Misri jemadari wake Shirkuh, pamoja na Salahuddin, mwana wa nduguye. Shirkuh akafa mwaka 1169, Salahuddin akashika Misri, na baina yake na bwana wake pakaingia ubaridi. Nuruddin alikuwa akijiandaa kumwendea alipofariki Damascus, Mei 1174. Mwanawe, Ismail, alikuwa na miaka 11 tu. Mwaka haukwisha, Salahuddin akawa ameutwaa mji. Na mwaka 1176 akamwoa mjane wa marehemu.

Hata hivyo, Salahuddin alipoukomboa Baitul Muqaddas mwaka 1187, aliiagiza mimbari ile kutoka Halab akaiweka Aqsa. Ilidumu hadi ilipochomwa moto mwaka 1969; nyingine ya mfano wake iliwekwa mwaka 2007.

Basi tazama, ndugu msomaji: kiti cha enzi cha Damascus hakikubaki nyumbani mwake hata mwaka mmoja, na hospitali yake ikatibu wagonjwa karne kwa karne. Sisi wa mwambao, tulioachiwa misikiti na mashamba ya wakfu na wazee wetu, tujiulize tunayatunzaje.