Mahjub bin Adam: Askari wa Dar es Salaam Aliyenyimwa Nishani



Mhariri aliniomba niandike maisha ya mtu mashuhuri wa zamani. Wenzangu waliotangulia katika kurasa hizi wameandika habari za machifu na wapigania uhuru, nao walistahili. Mimi nimemchagua mtu ambaye sikumbuki kumsikia akitajwa darasani hata siku moja: Mahjub bin Adam Mohamed, mzaliwa wa Dar es Salaam, ambaye huko Ujerumani aliandikwa na kujulikana kwa jina la Bayume Mohamed Husen.

Sababu yangu ni ya kikazi. Miaka mingi ya utumishi wangu nimeipitisha karibu na majalada ya wastaafu. Mzee huja na karatasi zake, amezikunja mara nne ndani ya bahasha, akieleza kwamba jalada lake lina kasoro: mwaka mmoja wa utumishi umerukwa, cheo hakikuandikwa, au nishani aliyovishwa mbele ya watu haimo. Vijana wa masjala hudhani kila mzee anafuata fedha. Sivyo. Wako ambao nishani ile haiwaongezei hata senti moja katika pensheni, na bado hurudi mara tatu, mara nne. Niliposoma maisha ya Mahjub nilimtambua mara moja. Alikuwa mmoja wa wazee hao, ila yeye aligonga mlango wa serikali ambayo haikukusudia kumfungulia.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1904. Baba yake, Adam Mohamed, alikuwa Msudani katika jeshi la kikoloni la Wajerumani, mwenye cheo cha efendi. Ndicho kilichokuwa cheo cha juu kabisa ambacho Mwafrika aliweza kukifikia katika jeshi lile. Tukumbuke namna Wasudani hao walivyofika kwetu. Mwaka 1889 Hermann von Wissmann aliajiri askari wapatao 600 kule Misri ili aje kuzima vita vya Abushiri bin Salim pwani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi Desemba mwaka ule ule. Jeshi likabaki, likaoa, likazaa, na watoto wakakulia kambini wakisema Kiswahili. Mahjub ni wa kizazi hicho.

Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka mwaka 1914 alikuwa na umri wa miaka kumi. Aliingia jeshini pamoja na baba yake, akawekwa miongoni mwa wanafunzi wa kupeleka ishara. Leo tungemwita mtoto mpiganaji na tungewashtaki waliomwandikisha. Wakati ule waliona ni jambo la kawaida. Aliandamana na jeshi la Paul von Lettow-Vorbeck katika vita vile vilivyoikausha nchi yetu: vijiji vikanyang'anywa chakula, na wapagazi wakafa kwa makumi ya maelfu, kwa njaa na maradhi kuliko kwa risasi. Mwezi Oktoba 1917, huko Mahiwa katika nchi ya Lindi, palipiganwa kwa siku nne mapigano makali kuliko yote ya upande huu wa Afrika. Mahjub alijeruhiwa hapo, kisha akaangukia mikononi mwa Waingereza akiwa mateka. Hata miaka kumi na minne hajatimiza.

Lettow-Vorbeck alisalimisha silaha tarehe 25 Novemba 1918 huko Abercorn, ambako leo ni Mbala, Zambia. Kwao alirudi akapokewa kama shujaa. Askari wake walirudi vijijini na madai ya mishahara ambayo hawakulipwa vitani.

Baada ya vita Mahjub alifanya kazi melini, na kuanzia mwaka 1925 alikuwa mhudumu katika meli za kampuni ya Kijerumani zilizopita pwani yetu. Mwaka 1929 alishuka Ujerumani, akaenda Berlin, akaingia Wizara ya Mambo ya Nje kudai malimbikizo ya mishahara yake na ya baba yake. Hebu mtazameni kijana huyu wa miaka 25, aliyevuka bahari kwa kazi ya kubeba sahani, akisimama mbele ya karani wa Kijerumani na kudai haki ya efendi wa Dar es Salaam. Jibu alilopewa ni kwamba amechelewa. Muda wa madai umekwisha. Nami nikiwa mtumishi wa serikali najua jibu hilo. Lina faida moja kwa ofisi: halilazimu mtu yeyote kufungua jalada.

Hakurudi nyumbani. Alipata kazi ya kuhudumia wageni katika Haus Vaterland, jumba kubwa la starehe mjini Berlin. Mwezi Januari 1933, siku chache kabla Hitler hajashika madaraka, alimwoa mwanamke wa Kijerumani, Maria Schwandner. Kadhalika alikuwa akifundisha Kiswahili katika Seminari ya Lugha za Mashariki ya chuo kikuu cha Berlin.

Hapa naomba ruhusa nikae kidogo, kwa kuwa jambo hili latuhusu sisi wenye lugha. Seminari ile ilifunguliwa mwaka 1887, na tangu mwanzo ilihitaji Waswahili wa kuwafundisha matamshi maofisa waliokuwa wakijiandaa kuja kututawala. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye kazi yake juu ya desturi za Waswahili tunaitegemea mpaka leo, alifundisha pale mwanzoni mwa karne ya ishirini. Naye alioa Mjerumani, na serikali ya kikoloni ikamkatalia kuingia na mkewe Afrika Mashariki. Alifia Ujerumani mwaka 1927. Mahjub alishika kazi iliyofanana na ile, tena kwa cheo cha msaidizi na ujira mdogo, ingawa wanafunzi walikuwa wakimsikiliza yeye ili wajue neno linatamkwaje. Aliendelea nayo hadi mwaka 1941.

Sasa nije kwenye nishani. Mwezi Julai 1934 Rais Hindenburg wa Ujerumani alianzisha Msalaba wa Heshima kwa ajili ya watu wa Vita Kuu ya Kwanza. Ulikuwa wa aina tatu: wa waliopigana mstari wa mbele, wa waliotumikia jeshini bila kufika mstari wa mbele, na wa wajane na wazazi wa waliokufa. Haukuwa nishani ya ushujaa wa pekee. Kila aliyehusika aliomba mwenyewe na kuonyesha utumishi wake, naye akapewa. Ilitolewa kwa mamilioni. Hata Wayahudi waliopigania Ujerumani waliupata, na baadhi yao walikuja kuuawa na serikali ile ile.

Mwaka huo Mahjub naye aliomba. Alikuwa amepigana, alikuwa amejeruhiwa, na palipopiganwa pako kwenye ramani. Ofisi ikakataa. Safari hii hawakusema amechelewa. Nishani hiyo, kwa uamuzi wao, haikuwa ya askari wa rangi.

Kwa wanaofanya kazi kama yangu, tofauti ya majibu haya mawili ni kubwa. Mwombaji asiye na ushahidi anaweza kwenda kuutafuta. Aliyechelewa anaweza kusihi apewe msamaha. Lakini mtu akiambiwa kwamba aliyoyatenda ni kweli ila yeye si mtu wa kuandikiwa, hana karatasi ya kuleta kesho yake. Mahjub alifanya alichokiona kimebaki: alijipatia mwenyewe nishani na sare ya askari, yaelekea katika duka la vifaa vya jeshi, akavaa. Alikuwa Mwislamu, akajivisha msalaba wa chuma wa Wajerumani kifuani, na sidhani alikuwa akifikiri habari ya dini.

Hapa, vijana, msitarajie nimsafishe. Alivaa sare ile katika mikutano ya Wajerumani waliodai makoloni yao yarudishwe, yaani warudishiwe Tanganyika. Aliingia katika filamu za propaganda, zaidi ya ishirini kati ya mwaka 1934 na 1941, mara nyingi kama mtumishi, mpagazi au mlinzi wa mlangoni. Vita vya pili vilipoanza mwaka 1939 aliomba ajiunge na jeshi la Hitler, wakamkatalia. Wako watakaomwita kibaraka, na sitabishana nao sana. Naomba tu wakumbuke kwamba baada ya kuishtakiwa na wenzake kazini alifukuzwa Haus Vaterland mwaka 1935, kwamba sheria za ubaguzi za Nuremberg zilipitishwa mwaka huo huo, na kwamba Mwafrika mwenye mke na watoto pale Berlin alikuwa na milango michache sana ya kupatia mkate. Filamu na sare ndiyo milango iliyoachwa wazi. Kwa maoni yangu sare ile ilikuwa pia kinga: alitumaini kwamba mtu aliyeitumikia bendera yao hatashikwa.

Filamu yake ya mwisho, na iliyompa nafasi kubwa kuliko zote, ilitoka mwaka 1941. Iliitwa Carl Peters. Jina hilo kila mwanafunzi wa historia analijua. Wazee wetu walimwita Mkono wa Damu. Peters alimnyonga mtumishi wake na msichana aliyekuwa akiishi naye, huko Kilimanjaro, na mwaka 1897 mahakama ya nidhamu ya Wajerumani wenyewe ilimfukuza katika utumishi. Lakini jalada la Peters lilirekebishwa. Kaisari alimrudishia cheo, baadaye akampa pensheni, na takriban miaka ishirini baada ya kifo chake Hitler akatoa amri ya kumsafisha kabisa. Katika filamu hiyo iliyotengenezwa kumtukuza Peters, aliyeigiza kiongozi wake wa njia, Ramasan, ni Mahjub bin Adam wa Dar es Salaam, mwenye jeraha la Mahiwa na ombi la nishani lililokataliwa. Katika miaka yangu yote ya kusoma majalada sijakutana na mawili yanayopaswa kuwekwa pamoja kuliko haya.

Mwaka huo huo wa 1941 alishtakiwa kuwa na uhusiano na mwanamke wa Kijerumani. Kwa serikali ile hilo lilikuwa kosa la kuchafua damu. Polisi wa siri, Gestapo, walimkamata, na bila kufikishwa mahakamani alipelekwa kambi ya mateso ya Sachsenhausen, karibu na Berlin. Alikaa huko miaka mitatu. Alikufa tarehe 24 Novemba 1944, akiwa na umri wa miaka 40. Katika watoto wake hakuna aliyeuvuka mwaka 1945.

Wenzake waliobaki Afrika Mashariki walikuwa na mkasa wao. Mwaka 1964, mwaka aliokufa Lettow-Vorbeck, bunge la Ujerumani Magharibi liliidhinisha fedha za kuwalipa askari wa zamani waliokuwa hai, na husimuliwa kwamba ofisi ya muda ilifunguliwa Mwanza. Wazee mamia kadhaa walifika. Wenye vyeti walikuwa wachache. Wengine walikuja na vipande vya sare iliyochakaa, wengine mikono mitupu. Mlipaji, kwa mujibu wa masimulizi, akampa kila mzee ufagio ashike kama bunduki, akatoa amri za gwaride kwa Kijerumani. Hakuna aliyeshindwa. Sikubaliani na watu wanaosimulia kisa hiki wakicheka. Mzee wa miaka sabini kuinua ufagio begani ili aaminike ni jambo zito. Hata hivyo nakiri kwamba mlipaji yule alifanya jambo ambalo ofisi za Berlin hazikumfanyia Mahjub: alitafuta njia ya kuthibitisha.

Wanaokwenda Dar es Salaam wamepita mara nyingi penye Sanamu ya Askari, iliyowekwa mwaka 1927 na kuandikwa kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili. Sanamu ile Waingereza waliiweka kwa ajili ya askari na wapagazi wa upande wao. Mtoto wa mji huo huo aliyepigana upande wa pili hakukumbukwa pale.

Aliyemtoa katika majalada ni mtaalamu wa Kijerumani, Marianne Bechhaus-Gerst, aliyeandika kitabu juu ya maisha yake mwaka 2007. Ajabu ni kwamba tunayajua madai yake kwa sababu ofisi zile zile zilizomkatalia zilitunza barua. Mwaka huo huo, mtaa wa Brunnenstraße mjini Berlin, mbele ya nyumba namba 193, lilipachikwa jiwe dogo lenye bamba la shaba katika njia ya waendao kwa miguu, kama yanavyowekwa kwa waliouawa na utawala wa Hitler. Limewekwa penye mlango wa nyumba aliyoishi.

Nimemwandikia mkuu wa somo la historia wa shule yetu nikiomba jina lake liingizwe katika masomo ya Vita Kuu ya Kwanza, liandikwe kama alivyoitwa kwao: Mahjub bin Adam Mohamed, mpeleka ishara, aliyejeruhiwa Mahiwa, Oktoba 1917, mwalimu wa Kiswahili. Nangoja jibu.