Papwa Sewgolum: mbeba mizigo aliyeshinda kombe la gofu Durban, akalipokea nje kwenye mvua

BUNAGANA – Bidhaa nyingi zinazoingia Kivu Kaskazini kwa mpaka wa Bunagana hutoka mbali. Zinashushwa bandarini Mombasa, zinapanda malori, zinapita Nairobi, Kampala, Kabale na Kisoro, kisha zinafika mpakani, ambako vijana wanasubiri kubeba mizigo ya watu wengine ili wapate chakula cha siku. Kwenye pwani ya bahari hiyohiyo ya Hindi, lakini kusini zaidi, mjini Durban, Afrika ya Kusini, alizaliwa kijana mmoja aliyeanza maisha kwa kazi inayofanana na hiyo. Aliitwa Sewsunker Sewgolum, ila dunia ilimjua kwa jina la Papwa.

Papwa alitoka katika familia ya Wahindi maskini. Kuanzia mwaka 1860 Waingereza waliokuwa wakitawala Natal walileta meli nyingi za vibarua kutoka India ili wakate miwa katika mashamba makubwa. Mikataba ilipoisha, wengi hawakurudi kwao. Wazao wao walibaki Durban, wakalima mboga, wakavua samaki, wakafanya kazi za mikono.

Hakupata bahati ya kusoma. Tangu utotoni alikwenda Beachwood, kiwanja cha gofu kilicho karibu na bahari, kubeba mifuko ya fimbo za wachezaji wazungu. Mbeba mifuko hutembea na mchezaji kilomita nyingi. Anatazama upepo unaotoka baharini, anakisia umbali, anakumbuka mpira umeangukia wapi. Kwa njia hiyo Papwa alijifunza mchezo bila mwalimu. Akiwa na nafasi, alipiga mpira kwa fimbo aliyojitengenezea.

Kwa sababu hakuna aliyemfundisha, alishika fimbo kinyume cha watu wote. Mchezaji anayetumia mkono wa kuume huweka mkono wa kushoto juu na wa kuume chini. Papwa aliweka wa kuume juu, wa kushoto chini. Vitabu vya gofu vinasema mtu akishika hivyo hawezi kupiga mbali wala kunyoosha mpira. Yeye aliweza yote mawili, na hakubadili mtindo wake hadi mwisho. Wachezaji wa Afrika ya Kusini wakaupa mtindo huo jina lake.

Wakati Papwa anakuwa mtu mzima, nchi yake iliingia katika siasa ya ubaguzi wa rangi. Chama cha makaburu kilichukua serikali mwaka 1948. Mwaka 1950 ikatoka sheria ya kugawa mitaa: huku wazungu, kule Wahindi, kule weusi. Mwaka 1953 ikafuata sheria ya kutenganisha mabenchi, fukwe, milango, vyoo na majumba ya starehe. Viwanja vizuri vya gofu vilikuwa vya wazungu. Mtu kama Papwa aliweza kuingia humo akiwa amebeba mfuko wa mwingine, si wake.

Wasomaji wa Kongo hawahitaji maelezo marefu juu ya jambo hilo. Wakati wa Wabelgiji, miji yetu nayo iligawanywa: sehemu ya Wazungu upande mmoja, site ya wenyeji upande wa pili. Huko Léopoldville, ambayo leo ni Kinshasa, katikati ya sehemu hizo mbili iliachwa nafasi tupu ya kutenganisha watu, na kiwanja cha gofu kilikuwa ndani ya nafasi hiyo. Nyasi za gofu zilikuwa ukuta.

Papwa alicheza katika mashindano ya wasio wazungu na akashinda mengi. Lakini zawadi zake zilikuwa ndogo, na mlango wa mashindano makubwa ulifungwa. Mzungu mmoja wa Durban, Graham Wulff, mwanakemia aliyebuni mafuta ya ngozi ya Oil of Olay, aliona kipaji chake na akamsaidia kwenda Ulaya mwaka 1959.

Matokeo yaliwashangaza wengi. Mwaka huohuo, katika safari yake ya kwanza ng'ambo, mtu huyo asiyejua kusoma alishinda mashindano ya wazi ya Uholanzi. Alirudia ushindi huo mwaka 1960, kisha tena mwaka 1964. Huko Ulaya hakuna aliyemuuliza rangi yake kabla ya kumfungulia mlango. Alikula na wachezaji wenzake na kubadilisha nguo katika chumba kimoja nao.

Mwaka 1963 alicheza mashindano ya wazi ya Uingereza katika kiwanja cha Royal Lytham and St Annes, kwenye pwani ya kaskazini-magharibi ya nchi hiyo. Viwanja vya pwani ya Uingereza vinaogopwa: ardhi ni ya mchanga, mashimo yaliyojaa mchanga ni mengi, na upepo unaweza kugeuka mara kadhaa kwa siku moja. Kwa kijana aliyekulia Beachwood, upepo wa bahari haukuwa mgeni. Alimaliza kati ya wachezaji 15 wa kwanza. Kombe lilichukuliwa na Bob Charles wa New Zealand, mchezaji wa kwanza anayepiga kwa mkono wa kushoto kushinda mashindano makubwa ya gofu duniani.

Lakini siku iliyoandika jina la Papwa katika historia ilikuwa imeshatokea nyumbani, mapema mwaka huohuo wa 1963. Baada ya mabishano mengi, aliruhusiwa kucheza mashindano ya wazi ya Natal pamoja na wazungu. Yalifanyika Durban Country Club, kiwanja kilichofunguliwa mwaka 1922 juu ya vilima vya mchanga karibu na bahari, na ambacho hadi leo kinahesabiwa kati ya viwanja vikubwa vya Afrika. Ruhusa ilikuwa ya kukanyaga nyasi tu. Kuingia katika nyumba ya klabu kulikatazwa.

Papwa akashinda. Ulipofika wakati wa kutoa kombe, mvua ilikuwa ikinyesha. Wenzake wazungu walikuwa ndani ya nyumba, pakavu. Mshindi alikuwa nje, na hapohapo nje, akilowa, akakabidhiwa kombe lake.

Picha ya tukio hilo ilizunguka dunia. Watu wengi waliokuwa hawajui lolote juu ya sheria za Afrika ya Kusini walizielewa kwa kutazama picha moja. Waliokuwa wakidai nchi hiyo itengwe katika michezo walipata ushahidi. Mwaka 1964 Afrika ya Kusini ilizuiwa kwenda michezo ya Olimpiki ya Tokyo, na mwaka 1970 ikafukuzwa kabisa katika Olimpiki. Papwa hakuwa mwanasiasa. Hakuongoza maandamano, hakuwa na chama. Alitaka kucheza gofu tu, lakini sheria ilimgeuza kuwa alama ya mapambano.

Mwaka 1965 alishinda tena mashindano ya Natal. Safari hii kati ya walioshindwa alikuwemo Gary Player, mzungu wa Afrika ya Kusini aliyekuwa mmoja wa wachezaji bora duniani. Mwaka uleule Player alishinda mashindano ya wazi ya Marekani, na hivyo akakamilisha kushinda mashindano yote manne makubwa ya gofu. Mtu huyo ndiye aliyepigwa na mbeba mifuko wa Durban.

Ushindi huo ulimgharimu. Serikali ilikaza sheria dhidi ya michezo ya kuchanganya rangi. Papwa alinyimwa ruhusa ya kucheza katika mashindano makubwa ya nyumbani, na baadaye alinyang'anywa pasipoti. Ndani milango imefungwa, nje haruhusiwi kwenda. Mtu yeyote anayeishi kwenye mpaka anajua uzito wa karatasi: mwenye karatasi anapita, asiye nayo anabaki akitazama upande wa pili. Mikono bado ilikuwa na nguvu, lakini kazi ilikuwa imekwisha.

Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya umaskini. Alifariki kwa ugonjwa wa moyo mwaka 1978 mjini Durban, kabla ya kufikisha miaka 50. Ubaguzi ulikuwa bado unatawala.

Baada ya uchaguzi wa mwaka 1994, Afrika ya Kusini mpya ilimkumbuka. Alipewa nishani ya Ikhamanga, inayotolewa kwa waliong'ara katika sanaa na michezo, akiwa ameshazikwa miaka mingi. Durban kuna kiwanja cha gofu cha watu wote, kando ya mto Umgeni, kinachobeba jina lake. Mto huo unamwaga maji yake baharini karibu na Durban Country Club, palepale aliposimama kwenye mvua.

Leo nyumba ile ya klabu iko wazi kwa mtu wa rangi yoyote. Papwa hakuishi hadi siku hiyo. Vijana wanaobeba mizigo huko Bunagana pengine hawajawahi kushika fimbo ya gofu, lakini habari yake inawahusu: kipaji alikuwa nacho, bidii alikuwa nayo, na kombe alilipata. Alichonyimwa ni mlango, na mlango huo ulifungwa na watu, si na Mungu.