Alfred Butts, baba wa Scrabble: alikosa kazi, akaanza kuhesabu herufi

Wanaochezaka Scrabble hapa Annexe, wengi wanajua ile ya Kifaransa. Anayenunua ile ya Kingereza upande wa Zambia anakutana na maneno ya ajabu: qi, nguvu ya uhai kwa mawazo ya Wachina, qat, yale majani ya kutafuna ambayo Wakenya wanaita miraa, zax, chombo cha kukata mawe ya kufunika paa, cwm, bonde, neno lisilo na hata moja ya a, e, i, o, u. Na safari, askari na boma ziko ndani pia, kumbe ni zetu! Lakini mtu aliyetengeneza mchezo huu, yeye mwenyewe kuandika maneno bila kosa kulimushinda.

Alfred Mosher Butts alizaliwa tarehe 13 mwezi wa 4, 1899, Poughkeepsie, jimbo la New York, Marekani. Baba alikuwa avoka, mama mwalimu. Alisomea kuchora plani za nyumba kwenye Chuo Kikuu cha Pennsylvania, akamaliza 1924. Kiisha, shida kubwa ya uchumi ya 1929 ikaangusha kila kitu. Watu hawana makuta, nani atajenga nyumba? Mwaka 1931 Butts akapoteza kazi. Sisi huku hatuna lazima ya kuelezwa sana: mwaka 2003, Gécamines ilipoagana na wafanyakazi zaidi ya 10,000, tuliona mababa wenye ufundi wa miaka mingi wakibaki nyumbani asubuhi.

Butts akakaa, akachunguza michezo. Aliona iko ya namba, kama dadu. Iko ya kusogeza, kama sataranji. Na ya maneno. Alitaka moja inayochanganya bahati na akili. Sasa, kila herufi iwe na pointi ngapi? Hapo njo kazi yake kubwa ilikuwa. Alishika New York Times na magazeti mengine, akahesabu herufi moja moja kwa mkono. E ilionekana kila mahali, akaweka 12, pointi moja tu. Q na Z ni haba, akaweka moja moja, pointi 10. S alifunga kwa 4, juu kwa Kingereza ukiongeza S mwishoni neno linakuwa la wingi, na mchezo ungekuwa rahisi mno.

Hesabu hiyo ni ya lugha ya magazeti yake, si ya kila lugha. Katika sanduku ya Kifaransa, K iko moja tu, pointi 10. Jaribu kuandika kuku! Bila kile kipande cheupe kisicho na herufi, haiwezekani. Mtu akitaka Scrabble ya Kiswahili, lazima naye aketi na magazeti yetu, ahesabu upya.

Mwaka 1938 mchezo ulipata ubao wake, ukaitwa Criss-Cross Words. Makampuni makubwa ya michezo yakaukataa. Butts alikuwa akitengeneza masanduku mwenyewe nyumbani. Mwaka 1948 James Brunot akauchukua kwa mapatano, akaupa jina Scrabble. Mwaka 1949 alitoa masanduku 2,400, akapata hasara ya dola 450. Halafu, 1952, mkubwa wa duka la Macy's akaucheza likizoni, akaupenda, akashangaa kwamba duka lake haliuzi. Mwaka 1954 yaliuzwa karibu milioni 4.

Butts alipata senti chache kwa kila sanduku. Kwangu ni kidogo mno kwa kichwa kilichofanya hesabu yote ile, lakini zilitosha kununua tena nyumba ya jamaa yake kule Stanfordville.

Bibi yake, Nina, zamani alikuwa mwalimu wake, na alikuwa akimupiga kwenye mchezo. Inasimuliwa kwamba siku moja aliweka quixotic, maana yake mtu wa ndoto kubwa zisizowezekana, akazoa karibu pointi 300. Nina alikufa 1979. Butts aliendelea kucheza na jamaa na marafiki, akatoa mchezo mwingine 1985, ambao haukupata jina kama ule wa kwanza. Alikufa Rhinebeck tarehe 4 mwezi wa 4, 1993, akiwa na miaka 93.