Adolphe Kégresse, fundi aliyepatanisha vitesi ya mkono na otomatiki

LIKASI, Haut-Katanga – Katika garaji za komini ya Kikula kuna mabishano yasiyoisha: kwa motokari yenye nguvu, ipi ni bora, vitesi ya mkono ao otomatiki? Wazee wanasema shofere wa kweli anabadilisha vitesi kwa mkono wake. Vijana wanajibu kwamba motokari za kasi zaidi leo hazina hata pedali ya ambreyaji. Wachache wanajua kwamba jibu moja la mabishano hayo lilijaribiwa tangu mwaka wa 1939, na Mfaransa ambaye mashine zake zilikuwa zimekwisha kupita kaskazini-mashariki mwa Congo. Jina lake ni Adolphe Kégresse.

Garaji ya mfalme wa Urusi

Kégresse alizaliwa mwaka wa 1879 huko Héricourt, mji wa viwanda mashariki mwa Ufaransa. Alipokuwa kijana, mwanzoni mwa karne ya 20, alihamia Urusi kutafuta kazi. Huko akaingia katika garaji ya mfalme Nicolas II, na baadaye akawa msimamizi wa ufundi.

Kazi hiyo ilikuwa na adui mmoja: theluji. Wakati wa baridi, motokari za mfalme zilizama na kuteleza, kama zetu zinavyokwama katika matope ya masika. Mashine za mikanda ya chuma zilikuwako tayari, lakini zilikuwa nzito na za polepole. Kégresse akatoa magurudumu ya nyuma na kuweka mkanda wa mpira na kitambaa kigumu, unaozunguka juu ya magurudumu madogo. Uzito ukagawanyika juu ya eneo kubwa, motokari ikapita juu ya theluji bila kuzama, na mwendo wake haukupungua sana. Hayo aliyatengeneza kabla vita kubwa ya 1914 haijaanza.

Mwaka wa 1917 mapinduzi yakamwondoa mfalme, na Kégresse akapoteza kazi yake. Yeye alirudi Ufaransa, lakini ufundi wake ulibaki. Lenin, kiongozi wa mapinduzi, alitumia Rolls-Royce yenye mikanda ya Kégresse, na motokari hiyo ingali inahifadhiwa huko Gorki, karibu na Moscow.

Kutoka Sahara mpaka Uele

Huko Ufaransa, mwanzoni mwa miaka ya 1920, alikutana na André Citroën, mwenye kiwanda aliyejua kuuza jina lake kuliko mtu yeyote. Citroën aliona kwamba mkanda uliopita juu ya theluji utapita pia juu ya mchanga. Desemba 1922, motokari 5 ziliondoka Touggourt, Algeria, na tarehe 7 Januari 1923 zikafika Tombouctou. Ilikuwa mara ya kwanza motokari kuvuka jangwa la Sahara.

Tarehe 28 Oktoba 1924 safari kubwa zaidi ikaanza: motokari 8 zikatoka Colomb-Béchar, zikiongozwa na Georges-Marie Haardt na Louis Audouin-Dubreuil. Walipita Niger, Tchad na Oubangui-Chari, kisha wakaingia Congo ya Wabelgiji. Huko Uele walikaa kwa Wamangbetu, wakapiga picha na kuchora watu. Picha ya mwanamke wa Kimangbetu, mwenye nywele zilizosukwa kwa juu, ilizunguka dunia nzima. Walipofika Kampala waligawanyika katika vikundi 4: kimoja kikaenda Mombasa, kingine Dar es Salaam, cha tatu Msumbiji, na cha nne kikashuka mpaka Cape Town.

Huko Paris safari hiyo ilisifiwa kama ushujaa. Lakini ilikuwa pia tangazo la biashara na la ukoloni. Bila chakula na mafuta vilivyowekwa njiani mapema, kwa msaada wa serikali za wakoloni na nguvu za wabeba mizigo wa Afrika, mashine hizo hazingefika mbali. Majina ya wakubwa wa safari yaliandikwa katika vitabu. Ya wabeba mizigo hayakuandikwa.

Ambreyaji mbili

Baada ya miaka ya mikanda, Kégresse aligeukia shida nyingine: sanduku la vitesi.

Kwa motokari ya vitesi ya mkono, shofere akikanyaga ambreyaji, nguvu ya injini inakatika. Anatoa vitesi moja, anatia nyingine, anaachilia ambreyaji. Kwa muda huo mfupi motokari inaserereka tu. Katika barabara ya Likasi kwenda Lubumbashi hakuna anayejali. Katika mashindano, muda huo unaweza kukunyima ushindi. Otomatiki za zamani nazo zilipitisha nguvu kwa njia ya mafuta yanayozunguka ndani ya chombo. Zilikuwa laini, lakini sehemu ya nguvu ilipotea, na ndiyo sababu wapenda kasi walizidharau.

Wazo la Kégresse lilikuwa rahisi kueleza na gumu kutengeneza: weka ambreyaji mbili. Moja inashika vitesi ya 1 na ya 3, nyingine inashika ya 2 na ya 4. Motokari ikitembea na ya 2, ya 3 inakuwa imekwisha kutiwa na inangoja. Kubadilisha ni ambreyaji moja kuachilia wakati nyingine inashika. Nguvu haikatiki, na shofere hana pedali ya kukanyaga.

Mwaka wa 1939 alijaribu sanduku hilo katika Citroën Traction Avant. Mwaka huohuo vita ya pili ya dunia ikaanza, na mwaka wa 1940 Wajerumani wakaingia Ufaransa. Kazi haikuendelea. Kégresse alikufa mwaka wa 1943, nchi yake ikiwa bado chini ya jeshi la kigeni.

Miaka 40 ya kungoja

Wazo lake lilingoja miaka zaidi ya 40, mpaka elektroniki ikaweza kuongoza ambreyaji mbili kwa haraka ya kutosha. Katika miaka ya 1980 Porsche waliliweka katika motokari zao za mashindano, na mwaka wa 1986 likashinda huko Monza, Italia. Mwaka wa 2003 Volkswagen wakaanza kuliuza kwa watu wa kawaida, katika Golf R32. Bugatti Veyron ya mwaka wa 2005, inayopita kilometa 400 kwa saa, inatumia ambreyaji mbili. Nissan GT-R ya mwaka wa 2007 pia, na hiyo haikuuzwa kamwe na vitesi ya mkono.

Kwa mashofere wa Likasi jambo hili si hadithi ya matajiri tu. Kati ya motokari zilizotumika zinazouzwa kama otomatiki, nyingine ndani yake ni mashine ya Kégresse. Anayezishika kwenye mlima kwa kukanyaga mafuta kidogo, bila breki, anachoma ambreyaji bila kujua, maana ni ambreyaji kweli, zinazochakaa kama zile za mkono. Na fundi anayezifungua kama otomatiki ya kawaida anaweza kuharibu kilichokuwa kizima. Kabla ya kununua, uliza ni aina gani ya sanduku iko ndani.

Basi katika mabishano ya Kikula, wazee na vijana wote wana haki. Ndani ya sanduku la Kégresse mna vyuma vya vitesi ya mkono, na shofere haguzi kitu. Aliyeliwaza hakuona hata moja ikishinda.