Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy: Kadhi Aliyeifikisha Sheria kwa Wananchi

Miongoni mwa watumishi wa umma waliotoka Zanzibar katika karne ya 20, ni wachache walioiunganisha kazi ya sheria na matumizi ya redio kama alivyofanya Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy. Alikuwa mwalimu wa skuli, mkaguzi wa masomo, mwandishi wa historia, mshairi, mfasiri, Kadhi wa Zanzibar na hatimaye Kadhi Mkuu wa Kenya. Kazi hizo zote zilikuwa na shina moja. Aliamini kwamba sheria inayozungumzwa kwa lugha isiyofahamika na wanaohukumiwa nayo bado haijawafikia, na kwamba mwenye elimu ana dhamana ya kuifikisha.

Alizaliwa mjini Unguja tarehe 12 Februari, 1912, wakati Zanzibar ikiwa chini ya himaya ya Uingereza iliyoanza mwaka 1890. Elimu yake ilipita katika njia mbili kwa wakati mmoja. Upande mmoja ulikuwa wa vyuo na darsa za misikitini, hasa Msikiti Barza, ambako alisoma kwa wanavyuoni waliotajika zama hizo, wakiwemo Sheikh Abubakar bin Abdalla Bakathir na Sayyid Omar bin Ahmed bin Sumeit. Upande wa pili ulikuwa wa skuli ya Serikali, iliyomwezesha kuwa mwalimu mwanzoni mwa miaka ya 1930. Kijana aliyepita njia zote mbili aliifahamu elimu ya kitabu kama ilivyopokewa na wazee, na aliufahamu pia utaratibu wa kumfunza mtoto aliyekaa mbele ya ubao.

Ualimu ulimfunza somo lililomwongoza maisha yake yote. Wanafunzi wengi walihifadhi maneno ya Kiarabu bila ya kujua maana yake. Alipopanda cheo na kuwa mkaguzi wa masomo ya dini katika skuli za Unguja na Pemba, alipata nafasi ya kuona kwamba hali hiyo haikuwa ya darasa moja au mtaa mmoja. Ilikuwa ni hali ya visiwa vyote. Jawabu lake lilikuwa kuandika, tena kwa Kiswahili.

Mwaka 1942 kilichapishwa kitabu chake juu ya Seyyid Said bin Sultan. Mwaka 1944 kikafuatia kitabu kinachoeleza maisha ya Imam Shafi na ya wanavyuoni wakubwa wa Mashariki ya Afrika, ambacho hadi leo ni hazina kwa wanaotafiti historia ya elimu katika mwambao huu. Mwaka 1956 ulitoka uchunguzi wake juu ya ada za harusi katika Unguja. Kwa mtazamo wa haraka vitabu hivyo havina uhusiano na mahkama. Lakini kadhi anayeamua mashauri ya ndoa hana budi kuzijua mila za watu anaowaamulia, na Sheikh Abdulla alikuwa amekwisha kuziandika kabla ya kukalia kiti cha hukumu.

Kiti hicho alikikalia mwaka 1960, alipoteuliwa kuwa Kadhi wa Zanzibar na kushika nafasi iliyokuwa ya mwalimu wake, Sayyid Omar bin Sumeit. Ukadhi wa Zanzibar ulikuwa na utaratibu wake. Kwa miaka mingi walikuwepo makadhi wa madhehebu mbili, Sunni wanaofuata mafunzo ya Imam Shafi, na Ibadhi, ili kila mwananchi aamuliwe kwa madhehebu yake. Chini ya himaya, mamlaka ya makadhi yalipunguzwa hatua kwa hatua hadi yakabakia zaidi katika mambo ya hadhi ya mtu binafsi, yaani ndoa, talaka, mirathi, wasia na mengineyo ya aina hiyo.

Mamlaka hayo yaweza kuonekana madogo kwa anayeyatazama kutoka mbali. Kwa mwananchi yalikuwa ndiyo sheria inayogusa nyumba yake. Mfano wa wazi ni katika vijiji vya pwani ya mashariki ya Unguja kama Kiwengwa, takriban kilomita 40 kutoka Mji Mkongwe, ambako mali ya familia kwa muda mrefu ilikuwa ni minazi, nyumba na vyombo vya uvuvi. Mume anapofariki, kwanza hutolewa gharama za maziko, kisha hulipwa madeni, kisha hutekelezwa wasia usiozidi thuluthi ya mali. Kinachobaki ndicho kinachorithiwa. Mjane hupata robo iwapo marehemu hakuacha mtoto, na thumuni iwapo amemwacha. Mjane anayeijua hesabu hiyo huweza kusimama mbele ya jamaa wa mumewe na kudai haki yake. Asiyeijua hupokea anachopewa, na huenda asipewe kitu. Haki ya aina hiyo haivunjwi kwa nguvu. Inapotea kwa kutojulikana tu.

Hapo ndipo kazi ya Sheikh Abdulla ilipopata uzito wake. Aliandika kwa Kiswahili juu ya ndoa na talaka na maamrisho yake, mambo ambayo kabla ya hapo mwananchi wa kawaida aliyasikia kwa kusimuliwa na aliyewahi kuyasoma kwa Kiarabu. Kitabu, hata hivyo, kilimfikia ajuaye kusoma na mwenye uwezo wa kukinunua. Walio wengi walihitaji njia nyengine, na njia hiyo ilikuwa redio.

Redio ya Zanzibar, iliyojulikana kwa jina la Sauti ya Unguja, ilianza kurusha matangazo mwaka 1951 ikiwa ni chombo cha Serikali. Vipokezi vilikuwa vichache, na mara nyingi kimoja kilisikilizwa na watu wengi waliokusanyika barazani. Sheikh Abdulla akawa miongoni mwa wanavyuoni waliotambua mapema kwamba chombo hicho si cha taarabu na habari pekee. Mihadhara yake ya dini ilirushwa hewani, na sauti yake ikajulikana na watu ambao hawakuwahi kukanyaga Msikiti Barza. Darsa iliyokuwa ikiwafikia watu wa mtaa mmoja ikavuka bahari hadi Pemba na mwambao wa bara. Wanawake, ambao wengi wao hawakukaa katika darsa za misikitini, waliisikia wakiwa majumbani mwao.

Kuzungumza redioni kulikuja pamoja na dhamana yake. Darsani, msikilizaji asiyefahamu huuliza, na mwalimu hujirekebisha papo hapo. Neno lililotoka redioni halirudi, na huwafikia kwa pamoja Shafi na Ibadhi, Muislamu na asiyekuwa Muislamu. Kadhi mwenye cheo cha Serikali husikika kama sauti ya Serikali, apende asipende. Uzito huo uliongezeka katika miaka aliyoshika ukadhi. Zanzibar ilikuwa katika zama za siasa, vyama vya ASP, ZNP na ZPPP vikipambana katika chaguzi zilizokaribiana sana. Uhasama ulifika hadi watu wakagomeana maduka, harusi na maziko. Ghasia za Juni, 1961 zilichukua maisha ya watu 68. Katika mazingira hayo, wadaawa wa vyama vyote waliingia katika chumba kimoja cha kadhi, na heshima ya hukumu ilitegemea kuaminika kwa mwenye kuitoa.

Baada ya Mapinduzi ya tarehe 12 Januari, 1964, Sheikh Abdulla aliendelea na kazi ya ukadhi hadi mwaka 1967. Mwaka uliofuata alianza ukurasa mpya mjini Mombasa, alipoteuliwa kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya kumfuatia Sheikh Muhammad Kasim Mazrui.

Kiti cha Mombasa kilikuwa na historia inayohusiana na Zanzibar moja kwa moja. Ukanda wa pwani ya Kenya wenye upana wa maili 10 ulikuwa milki ya Sultan wa Zanzibar hadi kukaribia uhuru. Tarehe 5 Oktoba, 1963, Waziri Mkuu wa Kenya, Jomo Kenyatta, na Waziri Mkuu wa Zanzibar, Muhammad Shamte, walibadilishana barua zilizoweka ahadi kwamba mahkama za makadhi zitaendelea kuwepo baada ya ukanda huo kuwa sehemu ya Kenya. Ahadi hiyo iliingizwa katika Katiba ya Kenya, na mwaka 1967 Bunge likapitisha Sheria ya Mahkama za Makadhi. Sheikh Abdulla alikabidhiwa ofisi hiyo sheria ikiwa bado changa, na akawa mmoja wa walioipa sura katika utekelezaji.

Mwaka 1969, akiwa Kadhi Mkuu, ilitoka jijini Nairobi tafsiri yake kamili ya Qurani kwa Kiswahili, kazi aliyokuwa ameianza Zanzibar katika miaka ya 1950 na kuichapisha sehemu kwa sehemu. Haikuwa tafsiri ya kwanza. Godfrey Dale, padri wa misheni ya Kianglikana iliyokuwa Zanzibar, alitoa yake mwaka 1923, na jumuiya ya Ahmadiyya ilitoa nyengine mwaka 1953. Tafsiri ya Sheikh Abdulla ilikuwa ya kwanza kukamilika na kuchapishwa kutoka kwa mwanachuoni wa Kisunni wa mwambao, na ikapokewa kwa wingi Tanzania, Kenya na kwengineko kunakozungumzwa Kiswahili.

Kazi zake hazikupokewa bila ya upinzani. Walikuwepo walioona kwamba kuifungua elimu kwa Kiswahili kungemfanya kila mtu ajione mwanachuoni. Mjadala ulikuwa mkali zaidi alipoandika kuzikosoa baadhi ya desturi alizoziona kuwa ni uzushi katika dini, zikiwemo desturi zilizothaminiwa na watu wa darsa alizosomea mwenyewe. Majibu yalikuja kwa vitabu na kwa mimbari. Jambo la kuzingatiwa ni kwamba mwaka 1972 alikitoa upya na kukipanua kitabu chake juu ya wanavyuoni wa Kishafi wa Mashariki ya Afrika, na humo akaeleza maisha na elimu ya masheikh zake kwa heshima kamili, ingawa alikwishatofautiana na baadhi ya mambo yao. Alitenganisha hoja na mtu, tabia ambayo hakimu yeyote huihitaji.

Katika ofisi ya Kadhi Mkuu alikutana tena na redio, safari hii kupitia Sauti ya Kenya. Suala lililoibua hisia kila mwaka lilikuwa la kuandama kwa mwezi wa Ramadhani na wa Shawwal. Zamani kila mji ulifuata mwezi wake, na tofauti ya siku moja baina ya miji haikumsumbua mtu, kwani habari zilichelewa kufika. Redio ilipoweza kuitangaza habari ya mji mmoja katika miji yote kwa dakika moja, tofauti ile ile ikawa mzozo. Tangazo likawa na nguvu ya hukumu: linafungisha watu na kuwafungulisha. Kwa hiyo ikawa lazima ijulikane nani mwenye mamlaka ya kutangaza, ushahidi umepokewa kwa nani, na umethibitishwa vipi kabla ya kufika hewani. Masuala hayo matatu yangali ndiyo msingi wa tangazo lolote la umma, liwe la mwezi, la maradhi au la uchaguzi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Sheikh Abdulla alimaliza utumishi wake Kenya na kuhamia Oman. Alifariki dunia mjini Muscat tarehe 9 Novemba, 1982, akiwa na umri wa miaka 70.

Taasisi alizozitumikia zimepita katika mabadiliko makubwa tangu wakati huo. Zanzibar ilitunga Sheria ya Mahkama za Kadhi mwaka 1985, na mwaka 2017 ikatunga Sheria mpya Namba 9 inayoongoza mahkama hizo. Ofisi ya Mufti, ambayo ndiyo inayotangaza kuandama kwa mwezi, iliwekewa sheria yake mwaka 2001. Kwa upande wa utangazaji, zama za redio moja ya Serikali zimekwisha. Tume ya Utangazaji Zanzibar iliyoanzishwa kwa Sheria Namba 7 ya mwaka 1997 ndiyo inayosimamia vituo vya redio na televisheni visiwani, na Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003 ndiyo inayosimamia masafa kwa nchi nzima.

Kiwengwa ya leo, katika Wilaya ya Kaskazini B, ina hoteli za kitalii kando ya madau ya wavuvi, na ardhi yake ina thamani ambayo wazee waliopanda minazi hiyo hawakuitarajia. Thumuni ya mjane katika kiwanja cha ufukweni sasa yaweza kuwa ni mali kubwa, na kwa sababu hiyo hiyo kishawishi cha kumficha haki yake kimekuwa kikubwa zaidi. Mjane huyo anahitaji kadhi mwadilifu mahkamani. Kabla ya hapo anahitaji kuisikia sheria yenyewe, kwa lugha yake na kwa chombo kinachomfikia, ili ajue kwamba ana la kudai. Hiyo ndiyo kazi aliyoifanya Sheikh Abdulla Saleh Al-Farsy kwa takriban nusu karne, na kwayo jina lake linastahiki kubaki katika kumbukumbu za utumishi wa umma wa Zanzibar na Afrika Mashariki.