Abul-Ala al-Maarri, mshairi aliyejinyima nyama

Abul-Ala al-Maarri alizaliwa mwaka 973 mjini Maarrat al-Numan, kaskazini mwa Syria. Ndui ilimpofusha akiwa mtoto mdogo. Aliporejea kutoka Baghdad mwaka 1010 alijitenga nyumbani, akaacha nyama, mayai, maziwa, hata asali, akiona kuwa nyuki hujikusanyia wenyewe wala si kwa ajili ya mwanadamu.

Al-Muayyad, mlinganiaji wa dola ya Fatimiya, alimwandikia kumhoji: kwa nini ajiharamishie alichokihalalisha Mwenyezi Mungu? Mshairi alitaja huruma kwa wanyama, kisha ufukara wake. Sababu hii ya pili huenda ilikuwa ngao tu. Alifariki mwaka 1057. Mwaka 2013 wapiganaji waliikata kichwa sanamu yake mjini humo.